Vikapu Vilivyohesabiwa Bila Kufunuliwa

Mtu mmoja alikuwa na shamba la mbegu. Hakuuza chakula. Watu wa nchi ile walilima vyakula vyao wenyewe. Kazi yake yeye ilikuwa kutafuta mbegu iliyo bora kuliko ya jana, kisha kuwagawia. Jina lake Semhando. Alikuwa mtu mwema, mwenye magoti mabovu na moyo laini, na nawaambieni mapema, ndugu zangu, kilichomponza ni moyo, magoti yanasingiziwa tu.

Shambani mwake walikuwemo wafanyakazi wengi, lakini mfano huu ni wa wawili. Ngoda alishughulika na mahindi. Chausiku alishughulika na maharage. Wote wawili Semhando aliwalea tangu wangali wadogo. Walimwita Baba, na mkewe, Bi Mkunde, walimwita Mama. Ngoda alikuwa mcheshi, mwepesi wa mkono na wa ulimi, akipita njiani hata mbuzi wanajua. Chausiku alikuwa mzito wa kusema. Ukimuuliza habari za asubuhi, jibu unalipata chakula cha mchana kikiwa mezani. Lakini walipendana kama ndugu wa tumbo moja, wakataniana, wakanuniana, wakasameheana kabla chungu hakijaepuliwa.

Nchi ile ilikuwa na desturi njema sana. Mtu akipanda mbegu aliyopewa, mavuno ya kwanza hayali peke yake. Hujaza kikapu akampelekea yule aliyempa mbegu, na kikapu hicho ndicho limbuko. Ni kama kusema mbele ya Mungu na watu kwamba mavuno haya sikujitungia, upo mkono wa mtu nyuma ya mkono wangu. Ikiwa mbegu imemfaa, juu ya nafaka huweka jani bichi. Ikiwa imemtia hasara, huweka kipande cha mkaa. Hakuna matusi wala kesi, mkaa unatosha. Kisha, liwe jani au uwe mkaa, kikapu hufunikwa kawa, maana kwao ilikuwa aibu kumtembezea mwenzio sifa barabarani, na aibu kubwa zaidi kumtembezea lawama. Kawa hilo halifunuliwi na yeyote ila mwenye kuletewa.

Zamani vikapu vilifunuliwa uani siku ileile vilipofika. Ngoda akikuta jani huimba. Akikuta mkaa hununa, husema watu wa tambarare hawajui hata kushika jembe, lakini kesho yake asubuhi utamkuta kwenye shamba la mwenye mkaa, amechuchumaa, anauliza: yaliota vipi, yalikauka lini, ghala lenu likoje? Chausiku mikaa yake aliipanga juu ya kigae kando ya kitanda, na hakuondoa hata mmoja mpaka awe amejua sababu yake. Hivyo ndivyo mbegu za shamba lile zilivyokuwa njema. Zilitengenezwa na majani, nakubali, lakini mikaa ilizitengeneza zaidi.

Basi ukaja mwaka ambao mto ulipungua. Maji yaliyokuwa yakinywesha mashamba yote ya bondeni yakabaki ya shamba moja tu. Ama wanyweshe mahindi ya Ngoda, ama maharage ya Chausiku. Wakigawana mpaka mwisho, yatakauka yote mawili.

Semhando alipaswa kuchagua, na hapo ndipo moyo wake ulipomshinda. Alimpenda Ngoda kwa kicheko chake kilichomwondolea uzee. Alimpenda Chausiku kwa jinsi alivyomletea maji ya moto ya kukanda magoti bila kuombwa. Nitakayemnyima, alijiambia, atadhani sikumpenda kamwe. Bi Mkunde akamshauri ashuke bondeni akaikague kazi ya kila mmoja, na awazungukie waliopanda mbegu zao. Mzee akayataja magoti. Jamani, magoti yanaumwa kweli, lakini siku ya harusi ya mpwa wake yalicheza ngoma mpaka jua likatua.

Ndipo akapata wazo, akalifurahia kama mtu aliyeokota funguo zake. Nchi yenyewe ichague! Kila kikapu cha limbuko ni mtu anayesema, nilipata kwa fulani. Mwenye vikapu vingi ndiye mwenye manufaa mengi. Vikapu havina upendeleo, havijui nani anachekesha na nani anakanda magoti. Akaamuru kwamba kuanzia mavuno yale vikapu vyote viingizwe stoo vikiwa na makawa yake, pasiwe na wa kuongeza wala wa kupunguza, na bawabu atie kokoto moja kwenye chungu cha mwenye kuletewa. Siku ya limbuko vyungu vitamiminwa mkekani mbele ya watu wote, na mwenye kokoto nyingi atapewa maji; mpaka siku hiyo mifereji yote miwili ibaki wazi.

Msimcheke. Maji yalikuwa machache kweli, na mwenye kugawa asipopima huishia kumpa anayelia kwa sauti kubwa. Kupima hakukuwa kosa lake.

Bawabu aliitwa Hoza. Alikuwa mtu wa adabu iliyopitiliza. Hata kikapu kingebweka, Hoza asingefunua kawa lisilo lake. Alipokea, akashukuru, akatia kokoto, akabeba kikapu stoo. Kokoto ilikuwa kokoto.

Ngoda aliposikia amri ile aliogopa. Shamba lake la bondeni ndilo lililokuwa roho yake. Zamani, kabla ya kugawa mahindi mapya, aliyaweka ghalani mwaka mzima ili aone kama mdudu dumuzi atayatoboa. Sasa akaona mwaka ule wa kungoja hauna kokoto yake. Mahindi yaliyongojewa na yasiyongojewa, kikapu ni kikapu. Akaacha kungoja. Tena zamani alitoa pishi nzima kwa nyumba moja, nao wakapanda wakaona matokeo. Sasa pishi ileile akaigawa vibaba vinne kwa nyumba nne, ili virudi vikapu vinne. Hakuwa mwizi, Ngoda. Alikuwa kijana aliyeambiwa ni nini kitakachohesabiwa, akakitengeneza. Wafanyakazi wengine wasiohusika hata na maji wakanogewa, wakaanza kupelekeana vikapu wao kwa wao, leo wewe kesho mimi, na Hoza akatia kokoto kwa wote kwa adabu ileile.

Chausiku alibaki vilevile. Si kwamba alikuwa na busara kuliko wenzake. Hakujua tu njia nyingine ya kufanya. Maharage yake yalipanda milimani, kwa watu wa mbali. Walipoyapenda waliwapa wakwe zao, na wakwe, kama desturi inavyotaka, limbuko lao waliwapelekea waliowapa, si Chausiku. Maharage yakavuka mlima na mlima wa pili; chungu cha Chausiku kikabaki chepesi. Alikijua chungu kile. Kila alipopita getini alikitupia jicho la pembeni, kisha akatazama bondeni, ambako maharage yake mapya, kazi ya misimu mitatu, yalikuwa ndiyo kwanza yametoa maua.

"Mama," alimwambia Bi Mkunde siku moja, na kwa Chausiku hiyo ilikuwa hotuba, "wakiufunga mfereji wangu sasa, maua yatapukutika. Sina mbegu nyingine ya haya. Ndiyo yote yaliyopo."

Bi Mkunde alimshika mkono.

Vikapu vikaja. Upande wa Ngoda stoo ikajaa mpaka vikapandishwa juu ya vingine. Bi Mkunde, aliyekuwa akifagia stoo kila asubuhi, akaanza kukuta unga sakafuni, leo konzi moja, kesho kikombe kizima. Akawalaumu panya. Akaazima paka kwa jirani. Paka akaingia stoo, akapiga chafya, akatoka, akakataa kurudi. Bi Mkunde akamtukana paka na ukoo wake wote, akaendelea kufagia.

Mzee Semhando naye akawa na raha aliyokuwa hajaionja siku nyingi. Kila alasiri alikwenda getini akainua chungu cha huyu na cha yule, akavipima kwa mikono, akaona anajua. Zamani mpita njia hakupita bila kuulizwa, "Je, mmevunaje?" Sasa wapita njia walipita wakapewa salamu tu, maana vyungu vilikwisha kujibu.

Alasiri moja, Semhando akiwa palepale kwenye kigoda chake, alifika mkulima wa tambarare na kikapu chake, akasema anataka kumwona Ngoda uso kwa uso. Hoza akakipokea kwa mikono miwili, akatia kokoto, akamwambia asante sana kaka, karibu siku ya limbuko. Yule mtu akafungua kinywa. Akamtazama mzee anayetabasamu, akatazama kawa lililofunikwa kama mila inavyotaka, adabu ikamzuia, akafunga kinywa. Alipokuwa akiondoka Semhando aliona viganja vyake vina vumbi jeupe. Aliona, akasema moyoni, huyu ametoka kusaga, akarudi kukipima chungu.

Siku ya limbuko watu walijaa uani. Hoza akamimina vyungu mkekani. Hapakuwa na haja ya kuhesabu. Kokoto za Ngoda zilikuwa kichuguu, za Chausiku zingeenea ndani ya viganja viwili. Ngoda akaruka, akazunguka ua akicheza, watu wakampigia makofi. Alipofika mbele ya Chausiku miguu yake ikasita, akaacha kucheza.

Semhando akatangaza kwamba maji ni ya Ngoda. Moyoni alijituliza: si mimi niliyemnyima, ni vikapu. Chausiku hakulia. Alisema mfereji wake ataufunga mwenyewe, asiufunge mtu mwingine. Akachukua jembe, akashuka bondeni, akakata udongo, akaziba. Alirudi na matope miguuni, akaketi na wanawake wengine kupepeta.

Karamu ya siku ile ni makande, na ni makande ya limbuko lenyewe: mahindi ya vikapuni na maharage ya vikapuni, chungu kimoja, watu wote. Mshindi ndiye hufunua wa kwanza. Vikapu vya Ngoda vikatolewa stoo, vikapangwa, wanawake wakasimama na maji yanayochemka. Ngoda akakunja mikono ya shati, akafunua kawa la kwanza.

Mkaa.

Akacheka. Akasema nani huyu mwenye mzaha siku ya furaha. Akaingiza mkono ndani apate mahindi; mkono ukatoka mweupe mpaka kwenye kiwiko, na viganda vitupu vya punje vilivyotobolewa kama chujio. Akafunua cha pili. Mkaa. Cha tatu jani, ashukuriwe Mungu, lakini cha nne mkaa, na cha tano, na cha sita. Akaanza kufunua kwa haraka, makawa yakiruka huku na huku, unga ukipanda hewani mpaka walio karibu wakakohoa. Watu wa tambarare walitazama vidole vya miguu yao. Maji ya makande yakaendelea kuchemka bure.

Ngoda akapiga magoti katikati ya vikapu vyake vyote vile, mweupe kama mtu aliyetoka kinuni. Akainua uso, akamtafuta mzee kwa macho.

"Baba," akasema, "hawa watu walikuwa wakiniambia. Tangu mavuno walikuwa wakiniambia, nanyi mkaniwekea maneno yao stoo."

Lo! Afadhali angemtukana. Semhando alihisi aibu ikimpanda tangu miguuni. Alikuwa amejua ni wangapi waliosema, na hakujua hata mmoja amesema nini. Nchi nzima ilipita mbele ya kigoda chake, nyumba kwa nyumba, imebeba njaa yake kwa adabu ndani ya vikapu, naye akaifurahia kwa uzito. Na kijana aliyetaka asimwumize hata kidogo, huyo hapo, ameumizwa mbele ya watu.

"Nyumba njema si mlango," alisema Bi Mkunde taratibu, "fungua uingie ndani."

"Bi Mkunde mke wangu, methali hiyo ungeniletea jana."

"Jana nilikuwa nafagia unga."

Mtu mmoja akacheka bila kutaka, kisha wakacheka wengine, kicheko cha watu wanaotaka kulia. Hapo ndipo mambo yalipoanza kufunguka. Mkulima wa tambarare akasimama, akaeleza jinsi mahindi yalivyoota mazuri, marefu, ya kujivunia, na jinsi yalivyogeuka vumbi hata kabla ya kutandikwa ghalani. Mwingine akaongeza. Ngoda alisikiliza akiwa palepale chini. Akauliza maswali. Alianza kuuliza kwa sauti ndogo, halafu kwa sauti yake ya zamani: yalikauka lini, ghala lenu likoje?

Vikafunuliwa vya Chausiku. Vilikuwa vichache, na juu yake majani, isipokuwa kimoja. Chausiku aliuokota mkaa ule, akauuliza umati ni wa nyumba ya nani. Mama mmoja akajibu kwa haya kwamba ni wao. Shamba lao lina maji yanayosimama, na mizizi iliozea ardhini. Chausiku akatikisa kichwa polepole, akauweka mkaa kwenye pindo la kanga yake akaufunga. Ilikuwa mara ya kwanza siku ile kumwona akitabasamu. Maharage yale yakatiwa chunguni peke yake, makande bila mahindi, na hayakutosha. Kila mtu alipata matonge mawili matatu, akaona amekula.

Yakabaki maji. Watu wote wakamgeukia mzee. Naye, ndugu zangu, mtu haachi tabia yake kwa siku moja. Akakohoa, akanyoosha fimbo kuelekea mkekani, akamwambia Hoza atoe zile kokoto zilizokuja na mikaa, wahesabu upya zitakazobaki.

Hoza, mtiifu, akainama juu ya mkeka. Akaokota kokoto moja, akaigeuza, akairudisha. Akaokota nyingine. Zote zilifanana. Alikaa pale ameinama, kichwa anakikuna, huku watu wakimngoja kwa heshima, na ni katika kungoja huko ndipo Chausiku alipogundua kwamba Ngoda hayupo uani, na jembe lake yeye Chausiku halipo alipoliegesha.

Akatoka mbio. Watu wakamfuata, na mzee nyuma yao, magoti yakilalamika kila hatua. Walimkuta Ngoda ndani ya mfereji, unga umeganda mikononi, anapiga jembe kwenye udongo aliouziba Chausiku. Mfereji wake mwenyewe, wa mahindi, alikwisha kuufunga. Yapo maua yaliyokwisha kudondoka. Maji yakapita katikati ya miguu yake, yakaingia kwenye mashina, udongo ukayanywa kwa sauti.

"Kaka, umeshinda wewe," Chausiku alimwambia.

Ngoda hakuinua kichwa. Machozi yalikuwa yakimchuruzika, hakuyaficha. Aliendelea kulima mpaka maji yalipofika mstari wa mwisho, na mzee Semhando akashuka shambani kwa tabu, akainama, akashika ua moja la harage kwa vidole vyake viwili na kulitazama. Tangu lilipopandwa alikuwa hajawahi kuliona.

Nanyi, ndugu zangu wa taasisi hii ya utafiti, leo mmekuja hapa na vyungu vyenu: mwaka huu tumeandika makala ngapi, na wasomi wangapi wa dunia wametutaja ndani ya maandiko yao. Hesabuni, sikatazi, maana maji ni machache na lazima mtu agawe. Ila kila mmoja wenu ajiulize akirudi nyumbani: katika wote waliokutaja, ni yupi uliyemsoma ukajua amekuletea jani au amekuletea mkaa?